Mana ya kila siku: namna ya kudumu katika kusoma Biblia

Masomo: Kutoka 16:13-35, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Yakobo 1:22-25



Kila mwanzo wa mwaka wakristo wengi wanatoa ahadi ya kusoma Biblia nzima. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini tufanye hesabu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ili kuimaliza katika mwaka mmoja inapasa kusoma sura tatu na zaidi kila siku, bila kuruka hata siku moja. Anayeanza tarehe 1 Januari kwa sura tatu kila siku anamaliza Mwanzo na Kutoka tarehe 30. Kesho yake anaingia katika Mambo ya Walawi, kwenye sheria za sadaka, na hapo wengi wanasimama. Kisha mtoto anaugua, kunakuwa matanga kwa jirani, siku tano zinapita. Sura kumi na tano zimekuwa deni. Mtu anaona haya, na Biblia inabaki ndani ya mfuko mpaka Jumapili.

Mtu huyo hakukosa upendo kwa Mungu. Alibeba kipimo kisichokuwa chake. Ndiyo sababu leo tunataka kujifunza kutoka kwa mana.

Mungu alipowalisha Waisraeli jangwani, hakuwapa ghala. Aliwapa chakula cha siku. Waliokusanya zaidi na waliokusanya kidogo, kila mmoja alipata cha kumtosha. Walioweka akiba mpaka asubuhi walikuta mabuu na harufu mbaya. Siku ya sita tu ndipo waliokota mara mbili, ili siku ya saba wapumzike. Na tusisahau: chakula hicho cha siku kwa siku kiliwafikisha miaka 40. Kidogo cha kila siku kilivusha taifa zima.

Kwanza: tuchague kipimo kinachobebeka

Agano Jipya lina sura 260. Tukisoma sura moja kila siku, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, tunalimaliza kwa majuma 52, yaani mwaka mmoja kamili. Jumamosi inabaki kwa yule aliyeachwa nyuma, na Jumapili tunasikia Neno pamoja kanisani.

Anayeanza kabisa, aanze na Marko. Ni sura 16 tu. Kwa mpango huu anaimaliza katika juma la nne. Anayeona sura nzima ni ndefu, asome habari moja: Yesu anatuliza bahari, Yesu anamponya mwenye ukoma. Kitabu cha Mezali nacho kina sura 31: tukiangalia tarehe ya leo tunajua sura ya leo.

Pili: tufunge kusoma pamoja na kazi ambayo tayari tunaifanya

Musa aliwaambia Waisraeli wayaongee maneno ya Mungu wakikaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakuwatafutia saa mpya. Alitia Neno ndani ya saa walizokuwa nazo.

Vivyo hivyo kwetu. Mama anayeamka saa kumi na moja kuwasha makaa, asome maji yanapochemka. Anayeuza sokoni, asome akiisha kupanga bidhaa, kabla wanunuzi hawajafika. Dereva wa pikipiki, asome anapongojea abiria wa kwanza. Tukisema tu "nitasoma nikipata nafasi," nafasi haiji. Tukisema "nikiisha kuwasha moto, ninasoma," moto wenyewe unatukumbusha. Na kwa kuwa umeme wetu unajulikana, afadhali kusoma kungali mwanga wa mchana kuliko kutegemea taa ya usiku.

Tatu: tusome tukiuliza

Yakobo anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu anayejitazama katika kioo, akaenda zake na kusahau uso wake. Ili tusisahau, maswali matatu yanatosha: Habari hii inatuonyesha nini juu ya Mungu? Inatuonyesha nini juu yetu? Leo tutafanya nini kwa sababu ya habari hii? Jibu la swali la tatu liwe dogo na la kweli: kumlipa mtu deni lake, kumsalimia jirani tuliyegombana naye.

Mahali pagumu tusione haya kuuliza. Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa mkubwa wa serikali, hata hivyo alikiri mbele ya Filipo kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza.

Nne: hata bila Biblia mkononi

Tunajua kwamba wengine kati yenu mlikimbia vita, na Biblia ilibaki kijijini. Wengine hawakupata kusoma shule. Wapendwa, hamkuachwa nje. Ufunuo 1:3 inamtaja kuwa heri yule anayesoma, na pia wale wanaosikia. Wakati wa mitume, wakristo wengi walilipokea Neno kwa masikio.

Kwa hiyo nyumba yenye Biblia moja isomewe na mtoto aliye shuleni, na wazee wasikilize. Majirani wanaweza kukutana mbele ya nyumba moja kabla ya giza. Anayeazima Biblia aandike mistari miwili au mitatu katika daftari, aishike kwa kichwa juma lote. Neno lililoshikwa moyoni halibaki nyuma siku ya kukimbia.

Tano: siku tulizokosa

Siku zitakosekana. Siku hiyo ikifika, tukumbuke kwamba hakuna Mwisraeli aliyetoka kuokota mana ya jana. Aliokota ya leo. Mtu aliyekosa siku nne asianze kwa kulipa deni la siku nne. Afungue mahali alipoishia, asome sehemu moja, aendelee. Maombolezo 3 yanatuambia kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi. Kama Yeye hatuhesabii kwa jinsi hiyo, kwa nini sisi tujifungie mlango?

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni kazi gani ya kila siku tunayoweza kuifunga pamoja na kusoma?
2. Nani katika nyumba yetu au jirani yetu anahitaji kusomewa?
3. Ni kitu gani kilitusimamisha safari iliyopita, na kipimo gani kingetufaa sasa?

Tuombe

Baba, utupe leo chakula cha mwili na chakula cha Neno lako. Utufundishe kuridhika na kipimo cha siku, na kurudi kwako bila hofu tunapokuwa tumekosa. Uwakumbuke walio mbali na nyumba zao. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.