Joto Bila Moshi

Dada zetu waliohamia Québec, kule Kanada, wanatusimulia nyumba ambazo joto lake hutoka chini. Nyaya za umeme hulazwa chini ya vigae. Sakafu inapata moto, na mtoto anacheza chini bila baridi. Hakuna majivu wala moshi. Wengine huzilaza hata chini ya njia ya gari: theluji inayeyuka, na mzee hatelezi. Ila hiyo ya nje hula umeme mwingi, basi huwashwa siku za theluji tu.

Sisi hatuna theluji. Lakini baridi ya Lubero na Butembo tunaijua. Usiku tunaingiza mbabula chumbani, tunafunga mlango, tunalala. Hapo ndipo kifo kinapoingia. Makala yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Hata moshi ukiisha, gesi ingali ipo. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kisha haamki.

Mpaka umeme utufikie, mbabula ilale nje. Tuongeze mablanketi, watoto walale pamoja. Ukimkuta mtu amelegea hivyo, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi, mkimbize hospitali.