SOKO LA MAGARI: Subaru kuukuu na mteremko wa Magara

Magari madogo ya mbio yaliyotengenezwa Japani miaka ya 1990, hasa Subaru Impreza WRX na Forester ya turbo, yana mvuto wake kwa mfanyabiashara wa Mbulu na Hanang. Sababu inaeleweka. Gari hupanda mlima bila kulalamika, huvuta kwa magurudumu yote manne, na tope la masika halilisumbui sana. Mwenye vitunguu swaumu anayetaka kuwahi mnada na kurudi siku hiyo hiyo huliona kama mtaji. Lakini mnunuzi huuliza kwanza injini, kisha turbo, kisha rangi. Breki huulizwa mwisho, bei ikiwa imekwisha kukubaliwa, na hapo ndipo fedha hupotea.

Wilaya hizi si ngeni kwa magari ya mbio. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita Tanganyika, na katika miaka ya 1960 kipande cha Mbulu kilikuwa miongoni mwa vilivyoogopwa na madereva. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mshindi, Nick Nowicki, aliendesha Peugeot 404 yenye breki za dramu magurudumu yote manne. WRX au Forester ya turbo ina diski mbele na nyuma. Kwa hiyo haikutoka kiwandani na breki dhaifu. Kinachoiponza ni umri wake na kazi inayopewa.

Tuitazame kazi yenyewe. Mji wa Mbulu uko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700, na Ziwa Manyara liko karibu mita 960. Anayeshuka kwa barabara ya Magara kwenda Mbuyu wa Mjerumani hupoteza kimo cha mita 700 hivi. Gari la kilo 1,500, pamoja na watu na mzigo, likishuka kimo hicho hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 30 za maji. Ni sawa na kulisimamisha mara 17 au 18 kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Joto hilo ni lazima liende mahali. Dereva akishuka kwa gia ndogo, sehemu kubwa ya kazi hubebwa na injini. Akiweka nyutro ili kuokoa petroli, karibu yote huingia kwenye diski. Akizima injini ni vibaya zaidi, maana busta ya breki huishi kwa uvutaji wa hewa kutoka kwenye injini, na akiba yake humalizika baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Hata injini ikiwa inaunguruma, busta huku juu husaidia pungufu kwa kiasi cha moja ya tano kuliko pwani, kwa kuwa hewa ni nyepesi.

Breki zikizidiwa na joto hutoa dalili za aina mbili, na kila moja ina gharama yake. Pedali ikiwa ngumu lakini gari haliitiki, pedi zimeungua. Pedali ikiwa laini na kuzama hadi sakafuni, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke; mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Aina hii ya pili ndiyo inayoua, kwa sababu huja bila kubisha hodi.

Tiba ya aina hii ya pili ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mapya hutakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiwango hicho huwa 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mwenye kushuka Magara kila wiki anunue DOT 4 au 5.1 katika chupa ambayo haijafunguliwa, na abadilishe yote, si kujazia. Aangalie pia asiuziwe DOT 5 akidhani ni 5.1. Majina yanafanana, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Fundi akiwa anatoa upepo aikague na mipira ya breki. Mpira wa miaka 25 huvimba unapokanyaga, na nguvu ya mguu huishia hapo.

Baada ya mafuta ndipo zije pedi na diski mpya za kipimo kile kile cha kiwandani. Pedi za mashindano ya uwanjani hazifai. Huhitaji joto ndipo zishike, na asubuhi ya Julai Mbulu ng'ombe wa kwanza barabarani hatakusubiri uzipashe. Chukua za barabara zinazovumilia joto.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vijana hupenda kulianza, nalo ni kalipa kubwa. Za Brembo, zilizowekwa kwenye Impreza STI kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, hubana diski ya mbele ya milimita 326 na hudai rimu ya inchi 17. Rimu kubwa huleta tairi nyembamba ubavuni, na tairi hiyo kwenye mawe ya Mbulu haina maisha. Tena, kwenye changarawe gurudumu hufunga na kuteleza hata kwa breki ya kawaida, hivyo kalipa kubwa haipunguzi umbali wa kusimama. Inachokupa ni uwezo wa kubeba joto, na huo unapatikana kwa fedha ndogo. Mwenye kutaka kupanda daraja atazame kalipa za pistoni nne za WRX za mwishoni mwa miaka ya 1990. Hufanya kazi na diski ya milimita 294 na kuingia ndani ya rimu ya inchi 16. Ahakikishe masta silinda inatosha, la sivyo pedali itakuwa ndefu, na nyuma kusiachwe na pedi zilizokwisha.

Kwa walio upande wa Katesh hesabu ni nyingine kidogo. Lami ya Babati kwenda Singida huruhusu mwendo, na mwendo ndio adui: gari kwenye kilomita 100 lina nishati zaidi ya mara moja na nusu ya lile lililo kwenye 80. Hapo pedi nzuri na tairi nzuri hulipa kweli. Wa Basotu waongeze kusafisha pini za kalipa, kwa sababu vumbi la mashamba huzigandisha na pedi moja huliwa peke yake.

Vipuri vya mtumba hupatikana Gerezani, Dar es Salaam. Kalipa zinunuliwe jozi, pistoni zisiwe na kutu, na mipira ya ndani iwekwe mipya hata kama muuzaji anaapa. Diski iliyochongwa hadi kuwa nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa ukingoni mwake isichukuliwe kwa bei yoyote.

Gharama hizo zitolewe kwenye bei ya gari kabla ya kupeana mkono. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: muuzaji anataka sh. 9,000,000, na fundi wako amekadiria diski za mbele, pedi zote, mipira, mafuta na ufundi kuwa sh. 700,000. Anza mazungumzo kwenye 8,300,000. Omba pia kulijaribu gari mteremkoni, mzigo ukiwa ndani, kisha likague likiwa bado la moto. Utingo akikimbilia kumwagia diski maji ili zipoe, mzuie, kwa kuwa chuma cha moto kikipigwa na maji baridi hupinda au kupasuka, na diski hizo zitakuwa zako wiki ijayo.