Kweli au Uongo: Nani Hulipia Mkwaruzo kwenye Pikipiki Mpya?

Kwa vijana wengi wa Kitale na Bungoma, pikipiki mpya ndiyo shamba na ndiyo duka. Hubeba abiria asubuhi, magunia ya mahindi mchana, mitungi ya maziwa jioni. Ndiyo maana alama ya kwanza kwenye tangi humuuma mwenyewe, na ubishi huanzia stejini: waranti italipa au hailipi? Mengi yanayosemwa hapo si sahihi, na huwatia watu hasara. Tuyapime.

1. "Waranti inafunika pikipiki nzima, pamoja na rangi."

UONGO. Waranti ya kampuni ni ahadi yenye mipaka, na mipaka hiyo imo kwenye kijitabu unachopewa pamoja na funguo. Kwa kawaida huahidi kurekebisha kasoro za kiwandani kwenye injini, giaboksi na umeme. Rangi, kiti na plastiki, pamoja na vitu vinavyoliwa na kazi kama tairi, mnyororo na breki, mara nyingi hutengwa au hupewa muda mfupi. Gunia likisugua madigadi msimu mzima wa mavuno, kiwanda hakihusiki. Anza kwa kusoma ukurasa wa yasiyofunikwa.

2. "Rangi ikitoka imetoka, sababu haijalishi."

UONGO. Sababu ndiyo kesi yenyewe. Mkwaruzo hutoka nje: una mstari, una mahali ulipoanzia, na pengine chuma kimebonyea. Kasoro ya kiwandani hutokea chini ya rangi: malengelenge huvimba, rangi hubambuka, kutu huchomoza mahali ambapo hapajaguswa, hasa penye maungio yaliyochomelewa. Petroli inayomwagika kila ukijaza nayo hula rangi, na muuzaji ataangalia kama doa limeanzia mdomo wa tangi. Ukiona malengelenge, piga picha siku hiyo hiyo na uipeleke pikipiki kwa muuzaji. Usimruhusu fundi apake rangi kwanza, kwa maana akishapaka ushahidi umepotea.

3. "Mkwaruzo niliouona dukani naweza kuudai hata baada ya kutia sahihi."

UONGO, mara nyingi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, humtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini sheria hiyo hiyo husema mnunuzi aliyekwisha kukagua hawezi kutegemea sharti hilo kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupewa nafasi ya kukagua, basi itumie. Omba pikipiki itolewe juani, karatasi za kiwandani zibanduliwe, uizunguke taratibu: tangi, madigadi, bomba la moshi, vioo. Ukipata alama, iandikwe kwenye hati ya kupokea kabla ya sahihi yako, na muuzaji atie yake. Hapo ndipo penye nguvu ya kudai pikipiki nyingine, marekebisho au kupunguziwa bei.

4. "Mzigo ukikwaruzwa njiani kutoka Nairobi, muuzaji hulipa siku zote."

INATEGEMEA. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa husema kwamba muuzaji anayetakiwa kukutumia bidhaa, akishamkabidhi mchukuzi, kwa kawaida huhesabiwa amekukabidhi wewe. Ukisema tu "nitumie kwa lori", hasara ya barabarani inaweza kukuangukia, ingawa muuzaji anawajibika kupanga usafiri kwa uangalifu unaostahili. Mkikubaliana ataifikisha mwenyewe Bungoma na hatari ni yake mpaka hapo, mambo hubadilika. Mwandikie ujumbe wa simu kabla ya kulipa: hasara ni ya nani mpaka mzigo ufike? Mzigo ukifika, ufungue mbele ya dereva au utingo.

5. "Risiti inasema bidhaa zilizouzwa hazirudishwi, kwa hiyo sina haki."

UONGO. Ukibadili nia tu, muuzaji anaweza kukukatalia. Kwenye kasoro, maandishi hayo hayamkingi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 humhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora unaofaa, na maneno ya kujaribu kufuta ahadi hiyo ni batili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinatambua haki yako ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia ya hasara inayoletwa na kasoro.

6. "Nikikuta kasoro, nitaacha kulipa mkopo mpaka irekebishwe."

HATARI. Aliyekukopesha na aliyekuuzia mara nyingi ni watu wawili, wenye mikataba miwili. Ukiacha kulipa, pikipiki inaweza kuchukuliwa huku dai lako la rangi likiwa bado halijasikizwa. Endelea kulipa, mdai muuzaji kwa maandishi, na mjulishe mkopeshaji.

7. "Mkwaruzo ni jambo dogo, hakuna mahakama itakayousikiliza."

UONGO. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliwekwa kwa ajili ya madai ya aina hii. Kiwango chake ni hadi shilingi 1,000,000, unaweza kujisemea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Anza na barua kwa muuzaji na umpe muda wa kujibu. Akinyamaza, uliza masjala ya mahakama iliyo karibu nawe, ukiwa na risiti, kijitabu cha waranti, hati ya kupokea na picha zenye tarehe.

Katika yote haya, wajibu hufuata mambo mawili: alama ilisababishwa na nini, na ilikuwepo lini. Mwenye maandishi ya siku ya kukabidhiwa anaweza kuyathibitisha yote mawili. Asiyekuwa nayo hubaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji, na bili ya rangi huishia kwake. Kwa hiyo anayekuharakisha kutia sahihi mwambie asubiri, umalize kukagua.