Star Wars Tales: Katuni Zilizopewa Uhuru wa Kubuni

Star Wars Tales ni jarida la katuni lililochapishwa na kampuni ya Dark Horse ya Marekani kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, ambalo kila toleo lake lilikusanya hadithi fupi za waandishi na wachoraji mbalimbali, zote zikitokana na mfululizo wa filamu za kubuni za kisayansi ulioasisiwa na George Lucas mwaka 1977.

Uhai wa jarida hilo ulitokana na uamuzi wa kuziweka hadithi zake nyingi nje ya historia rasmi, yaani ule mtiririko wa matukio ambao wenye haki za filamu huutambua kuwa ndio uliotokea. Kwa kuwa hazikufungwa na mtiririko huo, iliwezekana Darth Maul, aliyeuawa katika filamu ya mwaka 1999, arudishwe ili apigane na mhalifu mwenzake, Darth Vader. Ya kuchekesha zaidi, na pengine bora kuliko zote, ni ile ya mwandishi Peter David katika toleo la kwanza: roboti mwekundu ambaye katika filamu ya mwaka 1977 anaharibika ghafla mbele ya shujaa wake, Luke Skywalker, tukio ambalo mtazamaji hulipita bila kulijali, anageuzwa kuwa shujaa aliyejiharibu kwa makusudi ili roboti mwingine, R2-D2, achukuliwe na Luke badala yake.

Katika matoleo ya mwisho uhuru huo ulipunguzwa, hadithi zikaanza kufuata historia rasmi, na jarida likakoma lilipofikisha toleo la 24.