Kutoka Perseptroni hadi Jani la Muhogo

Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts wa Marekani waliieleza seli ya ubongo kwa hesabu: hupokea ishara za wenzake, zikifikia kiwango fulani hutoa yake, zisipofikia hukaa kimya. Seli hiyo ya kwenye karatasi ilijua kukokotoa, lakini haikujifunza kitu.

Kujifunza kulikuja na mwanasaikolojia Frank Rosenblatt. Mwaka 1958, kwa fedha za Jeshi la Majini la Marekani, perseptroni yake, seli ya aina hiyo inayojifunza, iliyoendeshwa ndani ya kompyuta ya IBM 704 iliweza, baada ya majaribio 50, kutenga kadi zenye alama kushoto na zenye alama kulia. Mashine kamili iliyofuata ilikuwa na vihisio 400 vya mwanga. Nyaya zilizoelekea kwenye jibu zilipewa uzito, yaani kipimo cha nguvu ya kila ishara. Jibu likikosewa, mota ndogo zilibadili uzito huo kidogo. Hakuna aliyeiandikia mashine kanuni ya kushoto wala kulia. Magazeti yalivuka mpaka, yakatabiri kifaa kitakachotembea, kuzungumza, hata kujitambua.

Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walithibitisha kuwa perseptroni ya tabaka moja la seli hushindwa na maswali mepesi kabisa. Fedha zikapungua. Dawa ilikuwa kupanga matabaka mengi kuwa mtandao, na njia ya kuyafundisha ilienea mwaka 1986, miaka 15 baada ya kifo cha Rosenblatt.

Mtandao wa matabaka mengi ndio uliofundishwa magonjwa ya muhogo kwa picha 2,756 kutoka mashamba ya majaribio ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) nje ya Bagamoyo, Tanzania. Wataalamu walitaja kilicholikumba kila jani, iwe batobato, michirizi kahawia au utitiri. Mtandao ulipokosea, uzito ukarekebishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na kazi hiyo ikafungua njia ya programu ya simu iitwayo Nuru. Katika utafiti wa mwaka 2020, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Ikioneshwa majani sita ya mmea mmoja, asilimia 74 hadi 88. Maofisa ugani walipata 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31.

Nuru haihitaji intaneti ikiwa shambani, jambo la maana kwa mkulima wa Lusu, wilayani Nzega. Lakini husoma majani tu. Michirizi kahawia yaweza kuozesha mihogo ardhini huku majani yakionekana mazima, na hilo hujulikana kwa kung'oa shina na kukata muhogo wenyewe.