Beseni Chini ya Meza

Fomu ya maelekezo ilikuwa imeshakunjwa na kukunjuliwa mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Mpwa wangu amechaguliwa kidato cha tano, kombi ya PCB, shule ya bweni, nasi tulikuwa sokoni tukitia alama kila tulichopata: godoro la futi mbili na nusu, tranka na kufuli lake, ndoo mbili zenye mifuniko, fagio, rimu ya karatasi, beseni la kufulia. Kwenye mabeseni akachukua mawili, moja kubwa na moja dogo la buluu.

"Hili dogo la nini?" nikamuuliza.

"La msuli, mjomba. Kuna dada mtaani kwetu kamaliza kidato cha sita, ameniambia PCB bila beseni huiwezi. Unatia maji ya baridi, unatumbukiza miguu, usingizi hauji mpaka asubuhi."

Nililijua beseni hilo kabla hajazaliwa. Miaka ishirini na kitu iliyopita nami nilisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na langu lilikaa chini ya meza ya darasani kila prepo ya usiku ilipokwisha. Usiku wa kuamkia mtihani wa utamilifu wa Baiolojia nilisoma sura ya figo mara nne. Maji yakishika uvuguvugu nayamwaga, nateka mengine. Saa kumi usiku nikapitiwa na usingizi juu ya daftari. Saa mbili asubuhi nikawa kwenye chumba cha mtihani.

Swali moja lilitaka nieleze jinsi nefroni inavyochuja damu. Ukurasa wenyewe niliuona akilini: mchoro upande wa kushoto, mishale ya wino mwekundu, doa la maji pembeni. Maneno hayakusomeka. Nikasikia mapigo ya moyo masikioni, nikaandika mistari miwili, nikapita. Jioni, nikiwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yangu, yote yakarudi bila kuitwa: kapsuli ya Bowman, kitanzi cha Henle, maji yanavyonyonywa kurudi kwenye damu. Yalikuja kwa mpangilio, kana kwamba mtu ananisomea.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sikusoma vya kutosha. Leo najua somo lilikuwamo kichwani muda wote. Nilishindwa kulitoa, na sababu za kushindwa kwa namna hiyo zimeshapimwa maabara.

Hofu inavyofunga mlango

Mwaka 1998 Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh walichapisha katika jarida la Nature jaribio walilolifanya kwa panya. Panya hao walifundishwa kuogelea kwenye dimbwi mpaka wakajua pahali palipofichwa jukwaa la kusimamia. Siku iliyofuata walipewa shoti ndogo ya umeme miguuni, kisha wakarudishwa majini. Waliorudishwa dakika 2 baada ya shoti walikwenda moja kwa moja kwenye jukwaa. Waliorudishwa baada ya saa 4 nao walilikumbuka. Waliorudishwa baada ya dakika 30 walizungukazunguka kama wageni. Somo halikuwa limefutika, kwa sababu baada ya saa 4 lilikuwapo. Lilifungiwa kwa muda.

Aliyelifungia ni homoni. Mwili ukihisi hatari, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huzituma habari kwenye tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia. Adrenalini hutoka ndani ya sekunde chache na kuufanya moyo uende mbio. Homoni ya pili, kotisoli, hupanda polepole na kufika kileleni baada ya dakika kama 20 hadi 30. Kwa panya, homoni ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa juu wakati walipopotea njia; walipopewa dawa ya kuizuia isitengenezwe, hawakupotea.

Kwa nini homoni itokayo juu ya figo iguse kumbukumbu? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1968, pale Bruce McEwen na wenzake walipoona kwamba homoni hiyo ya panya hujikusanya kwa wingi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo kumbukumbu mpya hupitia ili zihifadhiwe. Mlango wa kumbukumbu na kengele ya hatari vimejengwa jirani.

Hapa nataka nieleweke vizuri: msongo si uchawi wala udhaifu wa mtu. Kiasi chake kidogo hutusaidia. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya wadogo kutofautisha njia mbili kwa kuwapa shoti walipokosea. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliwaharakisha kujifunza. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa, na kali zaidi iliwavuruga. Mwalimu anayedhani kwamba somo gumu linadai vitisho vikubwa zaidi na atafakari matokeo hayo, kwa maana yanaonyesha kinyume chake.

Saa nne usiku

Turudi kwenye beseni. Shule nyingi za bweni huwaamsha wanafunzi saa kumi na moja alfajiri. Usafi, mstari, vipindi, michezo, chakula, prepo. Ikifika saa nne usiku, mwanafunzi ametimiza saa 17 akiwa macho. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walilinganisha watu walipokesha na walipokunywa pombe, kwa kazi ya kompyuta inayohitaji jicho na mkono kwenda pamoja. Baada ya saa 17 za kuwa macho, utendaji wao ulishuka hadi kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Baada ya saa 24 ulifikia kile cha asilimia 0.10. Kijana anayetumbukiza miguu kwenye beseni saa nane usiku anasoma Kemia kwa ubongo ambao tusingekubali utuendeshee basi.

Maji ya baridi humshtua na kumwamsha kwa dakika kadhaa. Hayalipi deni la usingizi. Kahawa nayo huzuia kwa muda dalili za kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi. Adenosini yenyewe inabaki palepale ikingoja. Na kwa kuwa nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya takriban saa 5, nusu ya kikombe cha saa nne usiku bado ipo damuni saa tisa.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri, kisha ama walale ama waendelee na shughuli. Walipolala, walikumbuka nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Miaka 70 baadaye, mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walisikiliza seli za hipokampasi za panya waliolala baada ya kuzungukia eneo fulani. Seli zilizofanya kazi pamoja wakati wa matembezi zilifanya kazi pamoja tena usingizini. Ubongo ulikuwa unarudia somo la mchana.

Kwa hiyo usingizi ni kipindi cha masomo kama vipindi vingine, na ndicho ambacho mwanafunzi hufundishwa na mwili wake mwenyewe. Anayekiruka amelipanda shamba na kuondoka kabla ya kufukia mbegu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Katika umri huohuo saa ya ndani ya mwili husogea mbele, kijana akawa mzito kulala mapema na mzito kuamka alfajiri. Tukimwita mvivu, tunamlaumu kwa jambo alilofanyiwa na umbile lake.

Chovya chovya

Basi kazi yote ya PCB itaingia wapi, ikiwa usiku hauguswi? Kidato cha tano huanza katikati ya mwaka, na mtihani wa taifa wa kidato cha sita huja Mei ya mwaka wa pili. Miaka miwili kamili haitimii, na topiki ni nyingi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na maabara imewaunga mkono.

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alikariri silabi zisizo na maana na kupima alivyosahau. Usahaulifu wake ulikuwa wa kasi sana mwanzoni: saa moja tu ilitosha kupoteza zaidi ya nusu ya faida ya kukariri. Baadaye kasi ilipungua. Akagundua pia jambo linalopaswa kubandikwa katika kila bweni. Kurudia orodha mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa sawa na kuirudia mara 68 kwa siku moja. Kazi ilipungua kwa karibu nusu, na kilichobadilika ni mgawanyo wa siku.

Namna ya kurudia nayo ina uzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena. Wengine walikifunika na kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana kusoma ukurasa mara nne usiku mmoja hutupa matumaini matamu. Tunaufahamu ukurasa kwa sura, kama nilivyoifahamu mishale yangu myekundu, na kuifahamu sura hakutoshi kumwezesha mtu kueleza.

Ratiba isiyodanganya

Nilimwambia mpwa wangu, tukiwa bado tumesimama kwenye mabeseni, jinsi ya kuigawa topiki moja. Umefundishwa figo Jumatatu: kwenye prepo ya siku hiyo isome, funga daftari, chora nefroni kwa kichwa, kisha fungua uone ulipokosea. Jumanne chora tena, dakika 10 hazipiti. Ijumaa tena. Wiki ijayo jaribu swali la mtihani uliopita. Marudio manne ya haraka yaliyopangwa hivyo yangekuwa yamenifaa kuliko mara zangu nne za usiku ule.

Halafu kuna kukadiria muda. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku 34. Walimaliza kwa siku 55 na nusu. Hawakuwa wazembe; binadamu hupanga akiona kazi inavyopaswa kwenda, akasahau malaria, zamu ya usafi, na umeme kukatika. Ukidhani topiki itakula siku mbili, itengee tatu. Ratiba iliyojaa kila dakika huvunjika Jumanne, na ratiba iliyovunjika nayo ni chanzo cha msongo.

Kabla ya kulala, andika yaliyosalia. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 57: walioandika kwa dakika 5 kazi zinazowasubiri walipata usingizi dakika kama 9 mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza. Kazi ikishawekwa kwenye karatasi, kichwa hupunguza kuishikilia.

Ratiba pekee haimalizi kila kitu. Mwanafunzi anayeshindwa kula wiki nzima, anayelala macho hata taa zikizimwa mapema, anayejitenga na wenzake, anahitaji mtu: matroni, patroni, mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi kwenye simu. Nasi wazazi tuanze kuuliza "umelala vizuri?" kabla ya "umekuwa wa ngapi?" Walimu wakuu nao wana nguvu ambayo mwanafunzi hana. Wanaweza kusogeza kengele ya alfajiri kwa saa moja, na kuzima taa za madarasa kwa wakati. Hayo hayangojei bajeti.

Muuzaji alikuwa ameanza kutuangalia. Mpwa wangu alilirudisha beseni dogo mahali pake, polepole, kama mtu anayekabidhi silaha kabla ya vita.

"Na nikisinzia je, mjomba?"

"Ukisinzia, mama, funga daftari ukalale. Asubuhi chora upya."

Tukalipia beseni moja, la kufulia.