Maelekezo Yanayooza Bila Kuguswa

Miradi mingi midogo ya programu huria iliyoandikwa kwa Python ina faili la README linalokuahidi wepesi: pakua msimbo, sakinisha mahitaji kwa pip, washa seva. Mistari mitatu, basi. Aliyeyaandika hayo hakudanganya. Kwake mitatu inatosha kabisa, kwa kuwa vilivyobaki vyote alishavisakinisha miaka ya nyuma na hata hakumbuki kwamba aliwahi kuhangaika navyo.

Tuchukue mradi unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Katika orodha ya mahitaji limo jina la psycopg2, maktaba inayoiunganisha Python na hifadhidata hiyo. Mgeni mwenye Ubuntu mpya anaandika amri ya pili, anasubiri, mara skrini inajaa maandishi mekundu: pg_config haikupatikana. Hiyo pg_config ndiyo nini? README haikuitaja popote. Kumbe kwenye Linux maktaba hii haiji ikiwa tayari. Ina sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C, nayo hujengwa palepale kwenye kompyuta yako. Ili ijengeke lazima uwe na kompaila ya C, faili za vichwa za Python na za libpq, pamoja na pg_config yenyewe, ambayo kwenye Ubuntu huletwa na kifurushi cha libpq-dev. Watengenezaji wa psycopg2 wameyaeleza haya vizuri kwenye nyaraka zao, na wametoa pia psycopg2-binary, iliyokwisha kujengwa, kwa wanaotaka kujaribu haraka. Aliyenyamaza ni mwenye mradi unaoitegemea. Mstari mmoja tu wa kutaja libpq-dev ungemwokolea mgeni jioni nzima.

Kibaya zaidi, mgeni huyo mara nyingi halalamiki. Anajiona yeye ndiye mzito, anafunga kompyuta na haonekani tena. Mwenye mradi hapati habari, na ukimya anautafsiri kuwa mambo ni shwari.

Kusahau kuna nafuu, lakini. Maelekezo yanayonisumbua zaidi ni yale yaliyokuwa sahihi siku yalipoandikwa. Tuseme README iliandikwa mwaka 2018 na haijabadilishwa hata herufi. Mwaka 2020 ikatoka Ubuntu 20.04, ambayo ukiisakinisha upya amri ya python haimo. Iliyomo ni python3. Mwaka 2023 ikaja Debian 12, ambayo pip yake inakataa kusakinisha chochote kwenye Python ya mfumo na kukujibu externally-managed-environment. Sababu yake ni ya maana: vifurushi vya pip vilikuwa vikigongana na vile vinavyosimamiwa na apt, na mfumo wenyewe ukaharibika. Sasa unatakiwa kwanza kutengeneza mazingira pepe kwa venv. Lakini README ya zamani inaendelea kumwelekeza mtu akate kona penye mwembe uliokwisha kukatwa.

Mbona hakuna anayeirekebisha? GitHub waliwauliza watu wa programu huria mwaka 2017, na asilimia 93 ya waliojibu wakasema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Katika utafiti huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra kwao kuchangia nyaraka, au hawachangii kabisa. Mimi sioni kuwa ni uvivu. Anayefanya kazi kwenye mradi kila siku hana sababu ya kuusakinisha upya, kwa hiyo hakutani na kosa. Anayekutana nalo ni mgeni peke yake, naye ndiye asiyejua dawa yake.

Wengine watasema Docker, iliyotoka mwaka 2013, ilishamaliza kesi hii: kila kitu kimefungwa pamoja, mtu anawasha tu. Imesaidia sana, sibishi. Ila faili la Docker nalo huzeeka, na kwa anayenunua bando la intaneti kwa siku, kushusha mamia ya megabaiti ili ajaribu programu ambayo huenda asiitake ni gharama. Halafu siku ikigoma, ana vitu viwili vya kuchunguza badala ya kimoja.

Kinachofanya kazi ni maelekezo kutendewa kama msimbo, yaani yajaribiwe. Amri zilezile zilizomo kwenye README ziwekwe kwenye skripti, na mtambo wa majaribio uziendeshe kila wiki kwenye mashine isiyo na kitu. Zikigoma, mwenye mradi ajue kabla ya mgeni. Pia itajwe mfumo na toleo lililojaribiwa, na tarehe. Na baada ya kila amri msomaji aonyeshwe anachopaswa kuona, maana asiyejua mafanikio yanafananaje hawezi kujua amekwama wapi.

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone kama vile walikuwa wanaizungumzia README. Mtu aliyesakinisha leo kwa mara ya kwanza anaona mashimo ambayo mwenyeji hayaoni, ila macho hayo hayadumu. Wiki ijayo naye atakuwa amezoea. Kwa hiyo aandike kila amri aliyolazimika kuiongeza papo hapo, angali anahangaika, kisha aitume kama kiraka. Kiraka cha kuongeza libpq-dev kwenye maelekezo hakigusi msimbo, na msimamizi anaweza kukikagua akiwa kwenye daladala.